Umoja wa Kauli na Woga wa Mashine: Tahakiki ya Desturi za Mtandao wa Mastodon

Tahakiki katika lugha yetu imezoea kushughulikia vitabu. Tunahakiki riwaya, tunahakiki tamthilia, tunahakiki diwani za mashairi, na mwalimu akimaliza kazi hiyo darasani hujiona ametimiza wajibu wake. Lakini jamii nayo husomeka kama kitabu. Popote watu wanapokusanyika ili kusemezana pana kanuni zake na miiko yake. Pana mtindo unaosifiwa na mtindo unaokemewa. Pana mambo yasemwayo kwa sauti, na mambo ambayo kila mtu anayajua lakini hakuna ayatamkaye. Makala haya yamekusudia kuhakiki mkusanyiko mmoja wa namna hiyo, nao ni mtandao wa kijamii uitwao Mastodon, na hasa jinsi wakazi wake walivyoipokea akili mnemba, au tuseme walivyoikataa. Nimeuchagua kwa kuwa ulijengwa kwa nia njema ya kuondoa utawala wa mtu mmoja juu ya maneno ya wengi. Nimeuchagua vilevile kwa sababu niliyoyasoma humo nimeyaona tena, kwa uchungu zaidi, miongoni mwa watunzi wa mashairi ya Kiswahili, ambao mimi ni mmoja wao.

Yafaa kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe, maana wanafunzi wengi wanaijua Facebook, Instagram na X, lakini Mastodon hawajaisikia. Katika mitandao hiyo mikubwa kampuni moja humiliki kila kitu: kompyuta, sheria, na hata mashine inayoamua nani asomwe kwanza na nani asomwe mwisho. Mastodon, iliyoanzishwa mwaka 2016 na Eugen Rochko, kijana aliyekuwa akiishi Ujerumani, ina mpango mwingine. Hakuna kompyuta moja kuu. Kuna maelfu ya kompyuta ziitwazo seva, na kila moja ina mwenyewe, ina wasimamizi wake na sheria zake. Nyingine ni ya maelfu ya watu, nyingine ya watu kumi, nyingine ya mtu mmoja aliyeiweka nyumbani kwake. Seva hizo huzungumza kwa kanuni ya pamoja iitwayo ActivityPub, ambayo W3C, chombo cha kimataifa kinachoweka viwango vya wavuti, ilipitisha Januari 2018. Kwa hiyo mtu wa seva ya Berlin humsoma na kumjibu mtu wa seva ya Toronto, kama vile barua iliyotumwa kwa posta ya nchi moja inavyofika katika posta ya nchi nyingine bila posta hizo kuwa na meneja mmoja. Maandiko hufuatana kwa saa yalipoandikwa, hayasukumwi mbele wala nyuma na mfanyabiashara.

Elon Musk alipoinunua Twitter tarehe 27 Oktoba 2022, wengi walihamia Mastodon. Kwa hesabu zilizotolewa na Rochko mwenyewe, waliokuwa wakiitumia kila mwezi walipanda kutoka kama laki tatu hadi milioni mbili na nusu kati ya Oktoba na Novemba ya mwaka huo. Baadaye wengi walirudi walikotoka au wakaenda kwingine. Waliobaki ni wachache kwa kulinganisha, lakini ni watu wenye msimamo: watunzi wa programu, wachoraji, waalimu wa vyuo, wakutubi, watu wenye ulemavu, na watu waliochoshwa na makelele ya mitandao mikubwa.

Sisi watumishi wa serikali tunalo neno letu kwa mpango wa aina hii. Mwaka 1972 Tanzania ilitangaza sera ya Madaraka Mikoani, iliyokusudiwa kuyaondoa maamuzi Dar es Salaam na kuyapeleka karibu na wananchi. Wazee niliowakuta masjala nilipoajiriwa waliisimulia sera hiyo kwa mapenzi na kwa kicheko. Maofisa walipelekwa mikoani kweli, na majalada yakapelekwa. Lakini halmashauri zilizochaguliwa na wananchi zilivunjwa wakati huohuo, hata ikabidi sheria za mwaka 1982 zizirudishe. Mzee mmoja alikuwa akisema kwamba kiti kilihama lakini makalio yakabaki yaleyale. Naomba radhi kwa lugha yake, ila sijapata maneno mengine yanayoieleza Mastodon vizuri zaidi.

Nisieleweke kwamba nimekuja kuibeza. Jamii hii ina desturi ambazo sisi wenyewe tungefaidika kuziiga. Iliyo bora kupita zote ni ile ya kuandika maelezo ya picha. Mtu anapoweka picha katika Mastodon hutarajiwa aandike chini yake, kwa nafasi inayofika herufi 1500, picha hiyo inaonyesha nini, ili asiyeona aweze kusomewa na simu yake. Katika mitandao mingine nafasi hiyo ipo na wengi hawaijazi. Humu mtu akiiacha wazi huulizwa. Desturi ya pili ni ile ya tahadhari: jambo zito, kama habari ya kifo au ya vita, hufunikwa kwa maneno machache ili msomaji aamue mwenyewe kama atafunua. Hakuna serikali iliyoamuru mambo haya. Yamezaliwa na watu, yakalelewa na watu, na mgeni hujifunza kwa kuona.

Hata hivyo, desturi inayofundishwa kwa macho ya wenzako ina makali ambayo sheria iliyoandikwa haina. Mwishoni mwa mwaka 2022 na mwanzoni mwa 2023 Waamerika Weusi kadhaa waliohamia Mastodon walilalamika hadharani kwamba kila walipoeleza ubaguzi waliotendewa, walitokea watu wa kuwaambia waufunike kwa tahadhari, eti usiwachafue wengine moyo. Desturi iliyobuniwa kumhurumia msomaji iligeuka kitambaa cha kumziba mdomo msemaji. Walioyasema hayo hawakuwa wabaguzi kwa nia. Naamini wengi wao wangeumia kuambiwa hivyo. Walikuwa wanalinda adabu ya nyumba. Walichosahau ni kuuliza adabu hiyo ilipangwa na nani, na nani hakuwamo siku ilipopangwa.

Sasa tuje kwenye akili mnemba. Tangu programu ya ChatGPT itolewe tarehe 30 Novemba 2022, sauti iliyotawala katika seva nyingi za Mastodon imekuwa ya upinzani, na upinzani huo una sababu ambazo mtu mwaminifu hawezi kuzipuuza. Mashine hizi zimefunzwa kwa maandishi na michoro ya watu ambao hawakuulizwa wala kulipwa. Gazeti la The New York Times liliifungulia OpenAI na Microsoft mashtaka kwa ajili hiyo Desemba 2023. Programu zinazozungukazunguka mtandaoni kuchota maandishi zimezielemea seva ndogo ambazo wenyewe hulipia umeme kwa michango. Na kuna jambo la karibu nasi zaidi: Januari 2023 jarida la Time lilifichua kwamba wafanyakazi nchini Kenya walilipwa chini ya dola mbili kwa saa ili wasome na kupanga maandishi ya ukatili na uchafu wa kila namna, kusudi mashine ya OpenAI ijifunze kuyaepuka. Atakayesema kwamba kazi hiyo haina jasho la Mwafrika ndani yake, hajui anachokisema. Juni 2025 seva kuu ya Mastodon ilitangaza masharti mapya yanayokataza maandiko ya wanachama wake kutumiwa kuifunza mashine. Mpaka hapo niko upande wao, na ningetia sahihi.

Tatizo linaanza pale ambapo hoja hugeuka kuwa beji. Hoja huulizwa maswali. Beji huvaliwa tu, na asiyeivaa hutambulikana. Nimesoma majibizano mengi ambamo mtu alisema kwa nia safi kabisa kwamba ametumia mashine kufanya kazi ndogo, akajibiwa na watu wengi kwa saa chache, na majibu yote yakawa na umbo moja, takriban maneno mamoja, utadhani yametoka kinywani mwa mtu mmoja. Aliyeuliza swali la kweli, kwa mfano kama mashine ndogo iliyofunzwa kwa maandishi yaliyotolewa kwa hiari nayo ina dhambi ileile, hakujibiwa swali lake. Aliambiwa yeye ni nani.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa zile picha. Watu wasioona ndio walioombewa desturi ya maelezo. Programu ya Be My Eyes, iliyoanzia Denmark mwaka 2015 kwa kuwaunganisha wasioona na watu wa kujitolea wanaowaonea kwa njia ya kamera ya simu, iliongeza mwaka 2023 msaidizi wa akili mnemba anayeeleza picha papo hapo, na wasioona wengi wameupokea msaada huo. Lakini mtu mwenye macho akisema katika baadhi ya seva kwamba ameiachia mashine imwandikie maelezo ya picha kisha akayasahihisha, huweza kukaripiwa kuwa amesaliti jamii. Kuna hoja nzuri dhidi yake: mashine hukosea, na hukosea kwa sauti ya uhakika, haijui kwa nini picha iliwekwa. Kuna hoja nzuri kwa upande wake: pasipo msaada huo, mwenye mikono inayotetemeka au lugha finyu hataandika chochote. Mwamuzi wa hoja hizi angepaswa kuwa asiyeona, naye mara nyingi anabishaniwa juu ya kichwa chake kama mtoto katika kesi ya talaka.

Katika Bluesky, mtandao jirani ambao nao ulibuniwa kwa nia ya kugawa madaraka, yalitokea mengine mwezi Novemba 2024. Mfanyakazi wa kampuni ya Hugging Face alikusanya maandiko milioni moja yaliyokuwa wazi kwa umma, akayaweka mahali ambapo watafiti wangeyatumia. Watu walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika, maana hawakuombwa ruhusa. Aliyaondoa upesi na kuomba radhi. Ghadhabu haikuishia hapo. Iliendelea kumwandama baada ya radhi kutolewa, na kwa kuwa iliendelea, wakatokea watu wengine wasiojulikana wakakusanya maandiko mengi zaidi, safari hii kwa makusudi ya kuchokoza, wala wao hawakuomba radhi. Aliyesikia alipigwa, asiyesikia akafanya apendavyo.

Kwa nini basi jamii isiyo na mfalme iwe na umoja wa kauli kiasi hiki? Wengi hudhani kwamba penye mabwana wengi pana rai nyingi. Nionavyo mimi, ni kinyume chake, na sababu iko katika muundo wenyewe. Msimamizi wa seva anaweza kuikatia seva nyingine mawasiliano, na akifanya hivyo, wote walio upande wa pili hukatwa, wenye kosa na wasio na kosa. Silaha hii ina matumizi ya haki: mwezi Julai 2019 mtandao wa Gab, uliokuwa kimbilio la wabaguzi wa rangi wa Marekani, ulipohamia kwenye programu ya Mastodon, seva nyingi ziliufungia mlango, na zilifanya vyema. Lakini silaha hiyohiyo humfanya kila msimamizi awatazame wenzake kabla ya kuamua. Akimvumilia mwanachama mmoja mwenye rai isiyopendwa, seva yake nzima huenda ikatengwa. Mwaka 2023, kampuni ya Meta ilipotangaza kuwa mtandao wake wa Threads utaungana na seva hizi, wasimamizi wa mamia ya seva waliahidi kuukatia mawasiliano kabla haujaungana, na msimamizi aliyetaka kusubiri aone alijikuta akieleza kusubiri kwake kama mtu anayejitetea mahakamani. Mfalme hukosea kwa sababu hasikii. Jamii ya majirani hukosea kwa sababu kila mmoja anamsikia jirani yake mno.

Katika ofisi zetu jambo hili linajulikana bila kompyuta. Jalada linapozunguka, ofisa wa kwanza huandika rai yake katika dokezo. Wa pili huandika, "Nakubaliana na hapo juu." Wa tatu huandika, "Kama hapo juu." Wa nne hutia sahihi tu. Nimepitisha mikononi mwangu majalada ya namna hiyo kwa miaka karibu thelathini, na naweza kuapa kwamba yapo ambayo maofisa wote wanne, nilipokutana nao mmoja mmoja kwenye ngazi, walikuwa na mashaka. Hakuna aliyewakataza kuyaandika. Wa kwanza tu ndiye aliyekuwa na karatasi tupu.

Mwanasaikolojia Solomon Asch wa Marekani alilipima jambo hili katika majaribio aliyoanza kuyachapisha mwaka 1951. Alimweka mtu katikati ya kundi dogo lililopangwa mapema, akawaonyesha mstari mmoja na mistari mingine mitatu, akawauliza upi unalingana na ule wa kwanza. Jibu lilikuwa wazi hata kwa mtoto. Lakini wale waliopangwa walitoa kwa sauti jibu moja la uongo, na zamu ya huyu asiyejua ikafika. Takriban theluthi ya majibu yaliyotolewa katika hali hiyo yalifuata uongo wa kundi, na kama watu watatu katika kila wanne walikubali uongo huo japo mara moja. Waalimu wengi huishia hapo wanapofundisha. Lililo muhimu kwangu ni lile alilolifanya baadaye: alimwagiza mmoja tu kati ya wale waliopangwa aseme kweli. Kwa sauti hiyo moja, makosa yalipungua mno, yakabaki robo tu au chini yake. Nitalirudia jambo hili.

Kabla sijarudi nyumbani, neno moja juu ya lugha. Upinzani wa Mastodon umetungwa hasa na watu ambao lugha zao, Kiingereza na Kijerumani, zimekwisha kumezwa na mashine kwa wingi usiohesabika. Kwao swali ni namna ya kuzuia zaidi. Kwa Kiswahili na lugha nyingine za Afrika maswali ni mawili kwa mpigo: nani anachota bila ruhusa, na nani ametuacha nje. Kikundi cha Masakhane, kilichoanza mwaka 2019, kimewakusanya watafiti wa Kiafrika wanaojenga wenyewe zana za kutafsiri na kuchambua lugha zao. Katika mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla, wasemaji wa Kiswahili wamesoma sentensi kwa sauti zao kwa hiari, ili kompyuta ziweze kumsikia mkulima asiyejua Kiingereza. Je, watu hawa nao ni wasaliti? Anayesema hapana kwa kila mashine hulazimika kuwajibu, na sijaona aliyejaribu. Wala simtaki mwanafunzi wa Kitanzania aokote hapana ya Berlin na kuivaa kama fulana ya mitumba, ilhali haijapimwa kwenye mabega yake; wala ndiyo ya California.

Nami sasa nieleze lililonifanya niandike. Nimo katika kundi moja la watunzi wa mashairi wanaojibizana kwa simu. Sitalitaja jina. Tuko zaidi ya mia moja, kutoka Tanga, Zanzibar, Mombasa, Kigoma na kwingineko. Wengine ni wazee kunizidi, wengine ni vijana wa shule. Mwaka jana mwalimu mmoja wa sekondari, mwanamke kijana, alituletea shairi la beti nane juu ya mto uliokauka kwao. Lilikuwa la mizani kumi na sita, vina vya kati na vya mwisho vimetimia, na katika ubeti wa sita mto wenyewe unazungumza. Kwa muda wa dakika kama kumi watu walilisifu. Kisha mtunzi mmoja mwenye heshima akaandika kwamba shairi hili halina kosa hata moja, na shairi lisilo na kosa siku hizi linajulikana limetoka wapi. Akaweka alama ya kicheko.

Baada yake walikuja wengine. Mmoja alisema maneno "mchanga wa kumbukumbu" si ya binadamu. Mwingine alisema alikuwa ameshuku tangu mwanzo, ingawa dakika chache kabla alikuwa amelisifu, na sifa yake ilikuwa bado inaonekana pale juu. Mwingine alipendekeza kuwe na kiapo. Nilihesabu watu kumi na saba. Yule mwalimu aliandika mara mbili kwamba shairi ni lake. Mara ya tatu hakuandika, alijiondoa katika kundi.

Mimi nilikuwa nimeliona shairi hilo miezi mitatu kabla, katika daftari lenye mistari, limeandikwa kwa kalamu, limefutwafutwa. Aliniletea ofisini nimkosoe. Ubeti wa sita ulikuwa wa nne wakati huo. Mimi ndiye niliyemshauri auteremshe. Niliandika ujumbe wa kulisema hilo, nikausoma, nikaufuta. Nilijiambia kwamba mzee yule aliyeanza ni mkubwa wangu katika fani na si adabu kumpinga mbele ya vijana. Nilijiambia pia kwamba watadhani namtetea kwa sababu nyingine. Jioni ile nilimpigia simu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole kwa yaliyotokea."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mzee, wewe ulikuwa umeliona kwenye daftari." Hakusema zaidi ya hapo, wala hakusema kwa ukali.

Nimelitafakari tukio hili kama mhakiki, kwa kuwa kama binadamu tafakuri yake haipendezi. Linalonishangaza ni hoja yenyewe iliyotumika. Katika miaka ya 1970 washairi wetu waligombana vikali. Sheikh Amri Abedi alikuwa ameziweka sheria za utunzi katika kitabu chake cha mwaka 1954. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yake yasiyofuata vina na mizani yaliambiwa si mashairi. Mulokozi na Kahigi waliitetea njia mpya katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu mwaka 1979. Wakati ule aliyekosa mizani alifukuzwa kwa kuikosa. Leo binti ametimiza mizani, amefukuzwa kwa kuitimiza. Kipimo kimepinduliwa juu chini. Kilichobaki vilevile ni furaha ya kundi kumpata mtu wa kumtoa nje.

Tena hoja hiyo ni mbovu hata kiufundi. Mashine hizi hazisomi kwa silabi. Huyakata maneno vipande kwa kadiri vinavyorudiwarudiwa katika maandishi zilizolishwa, na vipande hivyo havilingani na silabi zetu. Nimezijaribu mwenyewe mara kadhaa kwa kuziomba shairi la mizani kumi na sita: mshororo mmoja ulikuwa na kumi na tano, mwingine kumi na nane, na kina cha kati kilipotea kabla ya ubeti wa tatu. Huenda zitajifunza. Lakini siku ile, mizani iliyotimia kwa beti nane ilikuwa ushahidi wa mkono wa binadamu, na watunzi kumi na saba wanaojua kuhesabu silabi kwa vidole waliusoma ushahidi huo kinyume.

Waalimu watakaosoma haya wamo katika hatari hiyohiyo kila wanaposahihisha insha. Kuna programu zinazodai kutambua maandishi ya mashine. OpenAI wenyewe waliiondoa ya kwao Julai 2023 kwa sababu haikuwa sahihi vya kutosha. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizipima kadhaa kwa insha 91 za Kiingereza zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kuzaliwa, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo ziliitwa za mashine. Fikirini maana yake kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyejitahidi kuandika kwa sentensi fupi na maneno aliyofundishwa. Daftari lake la rasimu lina thamani kuliko programu yoyote, na mwalimu anaweza kuliomba kabla hajatamka neno ambalo darasa zima litalirudia.

Niliahidi kurudi kwa Asch. Kama miezi mitatu baada ya simu ile niliandika katika lile kundi kwamba shairi la mto niliona rasimu yake kwa macho yangu, nikaeleza ubeti wa sita ulikuwa wapi kwanza. Hakuna aliyejibu siku ile. Siku ya pili mtunzi mmoja wa Kigoma aliandika kwamba yeye hakuamini tuhuma tangu mwanzo. Wa pili akasema vivyo hivyo. Kufikia jioni walikuwa saba, na watano kati yao walikuwa katika wale kumi na saba. Mzee aliyeanza alinitumia ujumbe wa faragha, mfupi, wa heshima, akisema kwamba angefurahi kama ningemwambia mapema.

Nilimpelekea mwalimu habari hizo. Alishukuru. Kundi hajarudi. Anasema bado anatunga, ila siku hizi anaacha kwa makusudi mshororo mmoja wenye mizani pungufu.